Jinsi ya Kumpata Muuzaji Mwaminifu wa Mitambo ya Muziki ya Hali ya Juu Ukiwa Malindi: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu ameweka akiba, akaagiza amplifaya ya maana kutoka kwa muuzaji wa Nairobi aliyempata mtandaoni. Imefika Malindi kwa basi, ameichomeka, imetoa moshi. Kugeuza nyuma, imeandikwa volti 120. Mwingine alipata kifaa kizima, kikanyamaza baada ya miezi michache, na ile "waranti ya mwaka mzima" ikawa ni kujilipia nauli ya kukirudisha na kungoja spea isiyofika.

Wote hawa waliuliza bei mwanzo na fundi mwisho. Hapa tunaugeuza mpangilio huo. Malindi iko kilomita 120 hivi kutoka Mombasa na zaidi ya 500 kutoka Nairobi, na maduka mengi ya vitu hivi yako huko. Kwa umbali huo, cha kutafuta kwanza ni mtu atakayeshika simu kifaa kikinyamaza. Chapa ya spika inafuata baadaye.

Nikisema "hali ya juu" nina maana seti ya kuanzia laki tatu kwenda juu: spika za aina ya KEF, Focal au Sonus faber, amplifaya za Marantz, Yamaha au McIntosh, vicheza santuri vya Rega au Pro-Ject. Kama unanunua sabufa ya elfu kumi na tano, soma hatua ya 3 na ya 6 tu, yaliyobaki yatakuchosha bure.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujampigia mtu simu

- Vipimo vya chumba: urefu, upana na kimo cha dari, pamoja na picha za pande zote nne.
- Makadirio ya umbali wa nyumba yako kutoka baharini.
- Bajeti mbili kwenye karatasi: ya mtambo wenyewe, na ya usafiri, stebilaiza na kinga ya radi. Hii ya pili usiiweke chini ya asilimia 15 ya ile ya kwanza.
- Nyimbo chache unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji, kwenye CD au kwenye flashi kwa faili la FLAC, lile lisilopunguza ubora wa sauti. MP3 za kutumiana kwenye WhatsApp ziache.
- Programu ya kupimia desibeli kwenye simu. Za bure zipo.
- Tochi ndogo, na betri moja ya volti 1.5 yenye waya mfupi, kwa wanaonunua vya mkono wa pili.
- Fundi wa karibu unayemwamini, hata kama kazi yake ya kila siku ni redio na televisheni.
- Daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

## Hatua ya 1: Ijue nyumba yako

Muuzaji hawezi kukushauri vizuri ikiwa wewe mwenyewe hujui unamweleza nini. Nyumba zetu nazo si zile ambazo wauzaji wa Nairobi wamezizoea.

Nyumba ya mawe ya matumbawe yenye sakafu ya vigae na dari refu hurudisha sauti sana. Spika inayong'ara dukani, penye zulia na makochi, huku kwako inaweza kuchoma masikio. Chini ya makuti ni kinyume chake: besi hupanda na kutoroka, na vumbi la makuti huteremka polepole ndani ya matundu ya amplifaya. Andika nyumba yako ni ipi kati ya hizi.

Kisha chumvi. Ukiwa karibu na ufuo na madirisha yako wazi, hasa wakati wa kusi, upepo huleta unyevu wa chumvi unaokula vichwa vya waya na soketi za nyuma. Sifongo inayozunguka koni ya spika nayo huoza upesi kwenye joto na unyevu. Raba hudumu zaidi.

Kuna joto pia. Amplifaya ya daraja A hula umeme na kutoa joto muda wote ikiwa imewashwa, hata muziki ukiwa wa chini. Mwezi wa Februari, chumba kisicho na AC, utaichukia. Ya daraja D hubaki na ubaridi. Usisahau mjusi: hupenda kulala palipo na joto, na akigusa sehemu mbili za saketi anakufa yeye na kifaa chako. Nimeona mafundi wakimtoa mkavu kama ngonda.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuielezea nyumba yako kwa sentensi tatu bila kubabaika.

## Hatua ya 2: Anza kwa mtengenezaji, uteremke mpaka dukani

Wengi huanza kwa kutafuta duka, kisha wanaliuliza duka kama linaaminika. Duka litajibu nini?

Ingia tovuti ya kampuni inayotengeneza kifaa unachokitaka. Karibu zote zina ukurasa wa kutafuta wauzaji kwa nchi. Chagua Kenya. Jina la duka likiwepo, linakili jinsi lilivyoandikwa, pamoja na simu na anwani, kisha wasiliana nao kwa namba hizo hizo. Usitumie namba ya kwenye tangazo la Facebook, kwa kuwa kuiba nembo na picha za duka halali ni kazi ya dakika tano.

Kenya isipokuwepo kwenye orodha, iandikie kampuni barua pepe fupi: nani anasambaza bidhaa zenu Kenya, na waranti yenu itakubalika ikiwa nimenunua kwake? Kampuni nyingine huikabidhi nchi yetu kwa msambazaji aliyeko nje, Dubai kwa mfano, na duka la hapa huchukua kwake. Hilo si kosa. Kosa ni duka kujiita wakala rasmi huku mtengenezaji halijui.

Hata duka lisilo rasmi linaweza kuwa na kifaa halisi, kilicholetwa kwa njia ya pembeni kutoka nchi nyingine. Tatizo la kifaa cha namna hiyo ni kwamba waranti ya mtengenezaji mara nyingi haikifuati, na volti yake inaweza kuwa ya nchi kilikotoka. Kama muuzaji anakueleza hivyo waziwazi na anatoa waranti yake mwenyewe kwa maandishi, mnaweza kuongea. Akificha, mwache.

Tahadhari: Bidhaa bandia zimejaa zaidi kwenye vitu vidogo vya bei kubwa: sindano za vicheza santuri, headifoni, spika ndogo za Bluetooth, na waya. Duka linalouza sindano "halisi" kwa robo ya bei ya mtengenezaji, hata amplifaya zake zitilie shaka.

## Hatua ya 3: Chunguza karatasi za duka

Hii ni hatua ya haraka na isiyo na utamu, lakini ndiyo inayowaondoa matapeli wengi.

Omba PIN ya KRA ya biashara na uiangalie kwenye sehemu ya kukagua PIN ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA. Jina litakalotokea lifanane na la duka. Kama ni kampuni, tafuta usajili wake kupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen. Kwa ada ndogo unapata CR12, karatasi inayoonyesha wakurugenzi ni nani. Uliza pia kama watatoa risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya kielektroniki ya KRA, yenye msimbo wa QR. Muuzaji anayekwambia "bila risiti nakupunguzia" anakuuzia hasara: bila risiti huna waranti, huna ushahidi, na siku ukitaka kukiuza kifaa hicho huna historia yake.

Bei nayo inasema kitu. Tafuta bei ya kifaa hicho hicho Uingereza, ambayo tayari imejumuisha VAT yao ya asilimia 20. Cha kuletwa Kenya huepuka hiyo ya kwao, lakini kinalipiwa usafiri, ushuru wa forodha, ada za uagizaji na VAT yetu ya asilimia 16. Kwa hiyo bei ya hapa kuwa juu kidogo kuliko ya London ni jambo la kawaida. Ikiwa nusu yake, kuna kitu hakikulipiwa, au hakipo.

Mwisho wa hatua, mtume ndugu. Kila mtu wa Malindi ana shemeji au binamu Nairobi. Aende dukani bila miadi, aangalie kama lipo, kama leseni ya kaunti imebandikwa ukutani, kama kuna chumba cha kusikilizia, na kama kuna meza ya fundi yenye chuma cha kulehemu kilichochakaa kwa kazi. Hiyo meza ndiyo nayoitaka kuliko sofa za ngozi.

## Hatua ya 4: Uliza swali lenye jibu la hasara

Hapa ndipo pa kukaa, kwani karatasi safi anaweza kuwa nazo hata mwenye tamaa. Njia ninayoiamini ni kumuuliza muuzaji maswali ambayo jibu la kweli linampunguzia mauzo, halafu kusikiliza.

Anza kwa ujumbe mmoja wa maandishi, uutume kwa wauzaji watatu bila kubadilisha neno:

> Salaam aleikum. Naishi Malindi, nyumba iko karibu na bahari, madirisha hukaa wazi, haina AC. Chumba ni mita 4 kwa 5.5, dari mita 3, sakafu ya vigae. Natafuta spika mbili na amplifaya ya kusikilizia taarabu na muziki wa ala, sauti ya wastani. Bajeti ni KSh 400,000 pamoja na kufikisha. Naomba kujua: mna fundi wenu wenyewe au mnapeleka nje? Kifaa kikiharibika ndani ya waranti, nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi? Na je, kuna kitu hapa ambacho sikihitaji?

Muuzaji wa kweli atarudisha maswali kabla ya bei. Atauliza unakaa umbali gani na spika, stima kwenu ikoje, kochi liko wapi. Wa aina ya pili atakutumia orodha ya bei na neno "karibu". Wa tatu atakwambia moja kwa moja uchukue spika kubwa kuliko zote, "zitakutosha milele".

Mpigie anayeonekana wa maana, umuulize haya:

"Chumba changu kidogo kinahitaji spika ndefu za kusimama sakafuni?" Kwa mita 4 kwa 5.5 zenye kuta ngumu, spika ndogo za kwenye stendi mara nyingi zinatosha, na besi za zile kubwa zinaweza kuvuma pembeni mwa chumba. Muuzaji anayekuteremsha kutoka cha bei ya juu hadi cha chini, kwa sababu anazozitaja, ameanza kustahili imani.

"Waya wa spika wa elfu themanini utaniongezea nini?" Kwa masafa ya sebuleni, waya wa shaba safi wa milimita 2.5 za mraba unatosha kabisa. Akijibu hivyo, vizuri. Akianza kukueleza habari za waya unaohitaji kupitishiwa muziki kwa miezi kadhaa ndipo sauti yake ifunguke, hapo faida yake ndipo ilipo. Kuna watu waungwana wanaoamini mambo ya waya kwa dhati, na mimi sibishani nao, lakini asiwe wa kuanza na waya kabla hajakuuliza kuhusu chumba.

"Amplifaya hii itazimudu spika hizi?" Unataka kusikia mambo mawili: omu za spika, yaani ukinzani wake wa umeme, na usikivu wake kwa desibeli, yaani inatoa sauti kiasi gani kwa wati ile ile. Spika ya usikivu wa desibeli 85 inahitaji wati mara nne ya ile ya desibeli 91 ili zitoe sauti sawa, maana kila desibeli 3 ni kuongeza wati maradufu. Anayetaja wati tu, tena zile kubwa za kwenye boksi, hajui anachokiuza.

"Kwa nyumba ya karibu na bahari, kipi usingeniuzia?" Aliyewahi kuhudumia Pwani ana jibu tayari: spika zenye sifongo, amplifaya za valvu (zile za taa za kioo zinazopata moto) kwa mtu asiye na AC, au kifaa ambacho spea zake zinaagizwa kwa miezi. Asiyewahi atasema "vyote viko sawa."

Utajua hatua hii imefaulu pale mmoja kati ya watatu atakapokuambia usinunue kitu fulani. Yawezekana pia watatu wote wasikuambie. Basi tafuta wengine watatu. Haraka ya nini?

## Hatua ya 5: Zungumza na wateja wake walioharibikiwa

Omba namba za wateja wawili wa Pwani, kwa idhini yao: wenye nyumba za wageni Watamu au Shela, mtu wa studio Mombasa, yeyote aliyenunua mtambo wa aina hiyo zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Usiwaulize kama muuzaji ni mzuri. Watasema ni mzuri, kwani nani anataka kukiri kwamba alitoa laki tano kwa ovyo? Uliza: *kilipoharibika, ilikuwaje?* Nani alipokea simu, kifaa kilichukuliwa vipi, kilirudi baada ya muda gani, kilirudi na mikwaruzo? Mteja ambaye kifaa chake kiliharibika na bado anamsifu muuzaji ni ushahidi mzito kuliko kumi ambao vifaa vyao havijawahi kupata tatizo.

Muuzaji akisema wateja wake wote ni watu wakubwa wasiotaka kusumbuliwa, elewa kwamba amekataa.

## Hatua ya 6: Volti na Hz, kabla ya senti kutoka

Umeme wetu ni volti 240, Hz 50 (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Marekani ni volti 120 na Hz 60, Japani ni volti 100. Kifaa kinachojipanga chenyewe kitaandikwa volti 100 hadi 240, na chenye swichi ya nyuma kitaonyesha volti zote mbili inazochagua. Kingine chochote kiwe kimeandikwa 220 hadi 240 na Hz 50, kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe. Maandishi ya kwenye boksi hayatoshi.

Omba video ya moja kwa moja, si ile iliyorekodiwa. Aonyeshe boksi, alifungue, ageuze kifaa, aisome nambari ya siriali na volti kwa sauti mbele yako. Iandike nambari hiyo, kisha iulizie kwa mtengenezaji kwa barua pepe: ni ya soko gani?

Tahadhari kuhusu transfoma: Muuzaji wa kifaa cha Marekani atakwambia uweke transfoma ya kushusha umeme. Itashusha volti, lakini Hz haitazigusa. Kwa amplifaya nyingi hilo si kitu. Kwa kicheza santuri chenye mota inayofuata mwendo wa umeme ni balaa: kilichoundwa kwa Hz 60, kwa Hz 50 zetu kitazungusha santuri ya mizunguko 33 na theluthi kama mizunguko 28 tu kwa dakika. Mwimbaji wa kike atasikika kama kaka yake. Puli ya Hz 50 inaweza kupatikana kwa baadhi ya vifaa, na muuzaji anayejua kazi yake atakuwa ameitaja kabla hujauliza.

## Hatua ya 7: Nenda ukasikilize

Kama bei inazidi laki tatu, nauli ya kwenda Mombasa au Nairobi ni sehemu ya gharama. Piga simu mapema, sema vifaa unavyotaka, ubebe muziki wako. Muuzaji akikuchezea nyimbo zake tu, zile za gitaa moja na ukimya mwingi, mshukuru kisha umpe flashi yako. Nyimbo hizo husikika vizuri kwenye kila spika.

Mtego mkubwa wa chumba cha maonyesho ni sauti. Sauti iliyopanda hata desibeli moja sikio huiona "bora" bila kujua kwa nini. Ndiyo maana simu iwe mkononi: pima spika ya kwanza mahali ulipokaa, na ya pili ipandishwe au ishushwe mpaka namba zilingane, ndipo ulinganishe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wengine watakusaidia kupima.

Sikiliza udi na sauti ya mtu, kwa sababu hivyo unajua vinavyosikika ana kwa ana. Kaa zaidi ya nusu saa. Spika inayokusisimua dakika ya tatu inaweza kukuchosha dakika ya arobaini, na ya nyumbani ni ya kukaa nayo.

Mwisho uliza kama unaweza kujaribu nyumbani kwa arubuni inayorudishwa. Kwa Malindi wengi watasita, na kusita kwao kunaeleweka. Lakini anayekubali, hata kwa spika za maonyesho tu, ana imani na anachouza. Asiyekubali, kukataa kwake kusikufanye umwone mbaya.

## Hatua ya 8: Pesa na maandishi

Kabla ya kulipa, ankara iwe na haya: modeli kamili, nambari za siriali, volti, muda wa waranti na anayeitoa, anayelipa usafiri wa matengenezo, siku za kurudisha, na mzigo ni wa nani ukiwa njiani. Kama kifaa hakijafika nchini, andika tarehe ya mwisho ya kukifikisha na kwamba arubuni itarudi tarehe hiyo ikipita.

Arubuni isizidi theluthi. Lipa kwa akaunti ya benki yenye jina la kampuni, au kwa paybill au till inayotokeza jina hilo kabla ya kubonyeza. M-Pesa ina kikomo cha KSh 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku. Matapeli huutumia mwanya huo: watakuomba ugawe pesa kwenye namba za watu watatu "ili zipite". Pesa nyingi kuliko kikomo zipitie benki. Namba ya mtu binafsi, hata awe mwenye duka, sema hapana kwa adabu.

## Hatua ya 9: Safari ya mzigo

Amplifaya nzito huvunjika kwa uzito wake wenyewe: ikianguka kwa pembeni, transfoma inang'oka. Sisitiza boksi la asili ndani ya boksi lingine. Kicheza santuri kitolewe sahani na kizani cha nyuma ya mkono wa sindano, na sindano ifunikwe.

Ofisi za vifurushi za mabasi hufidia kidogo sana kifaa kikivunjika, soma nyuma ya risiti yao. Ndiyo maana ni bora muuzaji auchukue mzigo mpaka mlangoni, hata kwa kuongeza pesa. Kwa walio Lamu, hakuna gari litakalofika: kuna basi hadi Mokowe, boti, kisha hamali au mkokoteni vichochoroni. Kila boksi livikwe nailoni nzito kabla ya kupanda boti, maana mawimbi ya mkondo hayaulizi kilichomo ni nini.

Rekodi video mfululizo tangu boksi likiwa limefungwa mpaka kifaa kinawaka. Hifadhi maboksi, ila yainue kutoka sakafuni. Mchwa hawajui waranti.

## Ukinunua kutoka nyumba inayofungwa

Malindi ina njia ambayo miji mingi haina. Wataliano wengi wamejenga hapa, na wanapouza nyumba vifaa vyao huuzwa pia, vingine vizuri sana. Umeme wa Italia ni volti 230 na Hz 50, kwa hiyo kwa kawaida vinafanya kazi kwetu bila transfoma. Plagi yao ya pini tatu zilizopangwa kwa mstari haiingii kwenye soketi zetu. Fundi aikate na kuweka ya pini tatu za mraba yenye fyuzi ya kufaa. Kuchomeka waya mtupu kwa njiti za kiberiti ni kuchezea roho, kuacha mtambo.

Hapa muuzaji ni dalali au mlinzi, na waranti haipo, kwa hiyo kifaa chenyewe ndicho cha kuhojiwa:

1. Kiwashe na kikae kinacheza saa nzima. Hitilafu nyingi hujitokeza kifaa kikishapata joto.
2. Zungusha kila kitufe. Mkwaruzo kwenye spika ni vumbi au chumvi, mara nyingi husafishika. Upande mmoja kupotea kabisa ni habari nyingine.
3. Sukuma koni ya spika taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikisugua ndani, koili imeharibika.
4. Gusisha betri ya 1.5 kwenye vichwa vya spika mara moja. Besi zote mbili zisogee upande mmoja.
5. Mulika skrubu. Zilizokwaruzwa zinaeleza kwamba mtu ameshaingia ndani. Muulize nani, na kwa nini.
6. Angalia sifongo na kutu ya soketi za nyuma.

Hakikisha pia kwamba anayeuza ana haki ya kuuza. Omba ujumbe wa mwenye mali mwenyewe, au karatasi ya mauziano yenye kitambulisho cha muuzaji na shahidi.

## Wiki mbili za kwanza, na mambo yakienda mrama

Tumia mtambo kila siku, jaribu kila soketi na kila kitufe cha rimoti. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, na siku za kurudisha zinaisha. Ukigundua kitu, andika siku hiyo hiyo kwa WhatsApp au barua pepe, na video. Simu ya mdomo haina kumbukumbu.

Muuzaji akizungusha, mwandikie barua yenye tarehe ya mwisho. Taja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, inayotaka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi yake. Barua hiyo peke yake huwaamsha wengi. Malalamiko ya udanganyifu kuhusu bidhaa yanapelekwa pia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kama duka lilikuwa hewa, kwa polisi wa DCI.

Dai lisilozidi KSh milioni moja linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Uliza kwenye sajili ya mahakama ya Malindi ulifungue wapi. Nenda na ankara, risiti ya eTIMS, taarifa ya malipo, nambari ya siriali, na ile video ya kufungua boksi ikiwa kwenye flashi mbili.